Barua kwa mpwa wangu dereva, aliyepasukiwa tairi Lugalo

Kamwene, mjomba.

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara mbili, na mara ya pili nikacheka peke yangu kama chizi. Tairi limepasuka kati ya Ilula na Iringa, utingo anahangaika na jeki, na wewe unaniandikia: "Mjomba, kumbe na huku kuna Lugalo? Mimi najua ya Dar tu, kambini." Halafu ukauliza kwa nini mnara wa pale ni wa Wajerumani ilhali shuleni mliambiwa walichapwa.

Tuanze na jina. Dar ndiyo iliyoazima. Kambi ile zamani iliitwa Colito, mahali huko Ethiopia ambako askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walipigana na Waitaliano mwaka 1941. Baada ya Uhuru ikapewa jina la vita vya nyumbani. Hapo ulipokuwa umechuchumaa na spana, basi, ndipo penye jina lenyewe.

Tarehe 17 Agosti 1891, asubuhi, msafara wa Wajerumani ulipita maeneo hayo. Aliyeuongoza ni Emil von Zelewski, ambaye watu walimbandika jina la Nyundo. Usidhani alianzia ujeuri Uheheni. Mwaka 1888 alikuwa Pangani, na vituko vyake juu ya bendera ya Sultani ni moja ya mambo yaliyowasha vita vya Abushiri. Huku bara akaja na mkono uleule, anachoma vijiji. Askari wake wengi walikuwa watu weusi, Wasudani na wengine walioandikishwa Msumbiji. Wanatembea kwa mstari mrefu, wapagazi katikati, mizinga imefungwa migongoni mwa punda. Mzinga ulio mgongoni mwa punda utaupiga saa ngapi?

Wahehe walikuwa wamelala vichakani na nyuma ya mawe, wengi wao wana mikuki na ngao tu. Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja alimfyatulia ndege risasi, na mlio wa bunduki ndio uliokuwa ishara yao ya kutoka. Wakatoka. Kazi kubwa iliisha kabla wewe hujamaliza kubadilisha tairi. Wazungu 10 walikufa, Zelewski mwenyewe akiwemo, na askari zaidi ya 200. Aliyemchoma Nyundo, husimuliwa, ni kijana wa miaka 16, na Mkwawa, mtawala wa Wahehe, akamzawadia ng'ombe watatu. Umri huo wewe ulikuwa unatoroka shule kwenda kupanda matrekta ya watu.

Swali lako la mnara nalo jibu lake liko Kalenga. Wajerumani walirudi, mjomba, na safari hii mizinga imeshuka mgongoni mwa punda. Tarehe 30 Oktoba 1894 jeshi la Gavana von Schele, Tom von Prince akiwemo, liliivunja boma ya Mkwawa pale Kalenga. Mkwawa akaingia porini akapigana karibu miaka minne, hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojipiga risasi kule Mlambalasi ili wasimkamate hai. Nchi ikawa mikononi mwao, wakawajengea mnara watu wao walioanguka Lugalo. Ndiyo maana mnara ule ni wa walioshindwa siku ile.

Fuvu la Mkwawa wakalibeba hadi Ujerumani. Mkataba wa Versailles, ule uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, uliwapa miezi 6 walirudishe. Likarudi tarehe 19 Juni 1954, mikononi mwa Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, aliyelifuata katika makumbusho ya Bremen. Miezi 6 ya Wazungu! Ndiyo hilo liko katika makumbusho ya Kalenga sasa, ndani ya kioo. Mwili umebaki Mlambalasi. Mimi nilipoingia mle nilivua kofia bila kuambiwa.

Safari ijayo, ukishamaliza Kitonga na ukanunua nyanya za mama yako Ilula, usiukanyage mwendo kama mtu anayefukuzwa. Paki vizuri, washa hazadi, umchukue na utingo, mkausome ule mnara wote. Kisha unipigie picha nyingine, maana hiyo uliyoleta tairi linaonekana mpaka nati, ila mnara umeukata kichwa.

Mjomba wako,
Iringa