Malalamiko kuhusu kumzuilia mzazi kwa sababu ya fakture (bili ya matibabu)

Lubumbashi, komini ya Kenya

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Polikliniki

Bwana Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima. Kanuni za nyumba yako sitakueleza, unazijua. Mmezibandika resepsyoni ndani ya fremu: utu, heshima, siri ya mgonjwa. Naandika kwa ajili ya mdogo wangu, aliyejifungua kwenu kwa kupasuliwa.

Daktari wenu alikuwa amekwisha kumruhusu, na sahihi yake iko kwenye fishi. Mama yetu akamfunika mtoto kwa kitenge, akampakata, wakashuka polepole hadi getini. Mlinzi akashika pindo la kile kitenge akalivuta, akapaza sauti mbele ya watu waliosubiri konsultasyo: "Boni ya kutokea iko wapi? Huyu mtoto hajalipiwa." Hajalipiwa, Bwana Mkurugenzi, kama gunia la unga!

Deni hatulikani. Avansi tulitoa kabla hajaingia chumba cha upasuaji, risiti ninazo. Salio tuliomba kulipa kila mwisho wa mwezi, nikaleta barua ya mwajiri wangu yenye muhuri. Mhasibu wenu aliikunja bila kuifungua vizuri, akanirudishia: "Karatasi hailipi sindano."

Waliporudishwa juu kutoka getini, kitanda kilikuwa na mgonjwa mwingine. Mzazi mwenye mishono mibichi akalala kwenye mkeka, karibu na mlango wa choo. (Muuguzi mmoja alimletea blanketi lake mwenyewe. Simtaji, msije mkamfukuza.) Lakini siku ya kulipa, fakture ilikuwa imenenepa: kitanda, chumba, usafi, kwa kila siku mliyomzuilia. Kitanda kipi? Mnamnyang'anya mtu kitanda, mnamfungia ndani, halafu mnamtoza kodi ya kufungwa. Wajomba wamechanga ndipo akatoka, na mlihesabu hadi asubuhi ile ile ya kutoka.

Mna mwanasheria, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Katiba ya Kongo ya 2006, ibara ya 16, inakataza kumtendea mtu kwa namna ya kumdhalilisha, na ibara ya 47 inalinda haki ya afya. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao nchi yetu iliingia 1976, unasema katika ibara ya 11 kwamba mtu hafungwi kwa kushindwa tu kutimiza wajibu wa mkataba. Ikiwa hata jaji hawezi kumfunga mdogo wangu kwa salio la fakture, mlinzi wenu amepata wapi uwezo huo? Mwenye kudai ana tribinali, aende huko. Kanuni ya adhabu, kifungu cha 67, inamhukumu mwaka 1 hadi 5 anayemshika mtu kiholela kwa nguvu, hila au vitisho. Na ile orodha iliyobandikwa kwenye kibanda cha mlinzi, yenye majina ya wadaiwa na pembeni kila mmoja alitibiwa nini? Kifungu cha 73 kinahusu siri kama hizo. Niliisoma mwenyewe nikiwa nimesimama pale nje.

Narudi getini, maana barua hii isingeandikwa bila geti lile. Mlinzi alipovuta kitenge, fundo lilifunguka. Mama yetu, mtu mzima mwenye mvi, akapiga goti moja chini ili mtoto asimponyoke. Mdogo wangu akainama kumsaidia, akashika tumbo, akalia. Mama akamwambia mlinzi, "Papa, mwache apite, ana nyuzi tumboni." Mlinzi akajibu, "Mama, mie natumwa tu." Na aliyemtuma alikuwa dirishani kwenye kaisi, pale pa kulipia, anatazama, soda mkononi. Hakushuka. Hata neno la pole hakusema.

Nilikaa niandike kuomba mambo mawili: mrudishe fedha za kitanda ambacho hakikulaliwa, na mumwombe mama yetu radhi kwa maandishi. Sasa nimefika hapa na naona hayatoshi. Orodha ile iondolewe leo. Mhasibu aje mwenyewe nyumbani kwetu kuomba radhi, wazee wakiwepo. Na kama kuna mzazi mwingine anayelala kwenye mkeka kwa ajili ya deni muda huu unaposoma, afunguliwe kabla hujamaliza ukurasa huu, salio mtalidai kwa njia ya sheria.

Nawapa juma moja. Kopi ya barua hii imekwenda Divizio ya Afya ya jimbo pamoja na fakture, risiti na picha ya orodha. Kopi ya prokureri, mwendesha mashtaka, iko tayari. Imebaki kutiwa tarehe tu, na nyote wawili mmetajwa humo, wewe na mhasibu. Mlinzi sikumweka, kwa kuwa alisema ukweli: alitumwa.

Wako kwa heshima,

Kaka mkubwa wa mgonjwa