Barua ya malalamiko: dhamana ya maisha ambayo hakuna anayetaka kuitekeleza

Fundi magari,
Columbus, Ohio.
14 Februari 2025

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu ya Kampuni.

Ndugu Meneja,

YAH: RACHETI ILIYOKATALIWA DHAMANA, DENI AMBALO SEHEMU YAKE NILISHAILIPA, NA MKATABA NILIOSAINI MLANGONI MWA LORI

Mimi ni fundi magari. Kazi hii nilijifunza eneo la Gerezani, Dar es Salaam, na hapa Columbus nina mwaka wa 11 sasa. Nimekuwa mteja wenu tangu 2016, nikinunua vifaa vya gereji kwenye lori lenu linalotupitia kazini. Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoweza kusema nayo jambo lote bila kulipunguza. Binti yangu ameitafsiri kwa Kiingereza, na nakala zote mbili zimo ndani ya bahasha. Ya Kiswahili nawapa pia mafundi wenzangu wa hapa, Watanzania, Wakenya na Wakongo, maana wengi wananunua kwenye malori yenu na haya yanawahusu.

Naanza na racheti, ile spana yenye meno ndani ya kichwa, ya kukazia na kufungulia bolti.

Jumamosi ya tarehe 18 Januari nilikuwa nabadilisha stata, mota ya kuwashia injini, ya Honda Accord ya 2008. Anayelijua gari hilo anajua stata ilivyojificha chini ya manifoldi, yale mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini. Mashine ya upepo ya kufungulia bolti haiingii, na mkono wenyewe unaupitisha kwa kuubembeleza. Bolti ya namba 14 ilikuwa imeshikwa na kutu, kwa sababu huku barabara zinamwagiwa chumvi majira yote ya baridi na chumvi hiyo haiachi bolti. Nikaweka racheti yenu ya inchi 3/8, nikavuta. Ikashika, ikashika, halafu meno yakaruka. Ngumi yangu ikaenda kupiga kwenye chuma kinachoshikilia manifoldi, ngozi ya vidole viwili ikachunika. Nikafunga kitambaa. Nikaileta racheti karibu na sikio, nikaizungusha taratibu: inalia, inalia, kisha kimya, inateleza bila kushika kitu. Gia ya ndani imelika.

Racheti hiyo niliinunua Oktoba 2019 kwa dola 128, juu ya lori lenu, mbele ya gereji yetu. Dakika tano kutoka hapo kuna duka linalouza racheti ya saizi hiyohiyo kwa dola 30. Nililipa zaidi ya mara nne kwa sababu ya maneno matatu tu: dhamana ya maisha. Wakala wenu wa wakati ule alinionyesha kwa macho yangu inavyofanyika. Alichukua racheti ya mwenzangu iliyokuwa imekufa, akafungua skrubu za kichwani, akatoa gia chakavu, akachana pakiti ndogo akatia mpya, akapaka grisi, akafunga. Hazikufika dakika kumi. Akasema, na wewe utafanyiwa hivihivi hata ukizeeka nayo.

Alhamisi ya tarehe 23 Januari lori lilipokuja, nilimpelekea wakala wenu mpya. Aliigeuza mara mbili mkononi, akaniuliza niliinunua kwa nani. Nikamwambia. Akasema yeye hakuniuzia, na isitoshe nina deni la nyuma, kwa hiyo hanihudumii mpaka nilipe. Akanirudishia. Pakiti za gia nilikuwa naziona, zimening'inia ukutani nyuma ya bega lake.

Nilipiga simu kwenu mara tatu, zote katika muda wangu wa chakula. Mara ya kwanza nikaambiwa dhamana inashughulikiwa na wakala wa eneo. Mara ya pili nikaambiwa naweza kutuma kwa posta, lakini nitoe kwanza namba ya wakala wangu, na wakala huyo ndiye amenikataa. Mara ya tatu dada aliyepokea, kwa upole kabisa, akanieleza kwamba wakala ni mfanyabiashara anayejitegemea na kampuni haiwezi kumlazimisha. Hizo ni danadana, Ndugu Meneja.

Ubavuni mwa lori lile kuna jina lenu, herufi ndefu kuliko kimo changu. Shati analovaa lina jina lenu. Racheti imechongwa jina lenu. Jina la wakala halipo popote isipokuwa kwenye risiti, tena kwa maandishi madogo chini. Siku ya kutoa pesa nilikuwa nanunua kwa kampuni kubwa yenye jina. Siku ya kudai dhamana naambiwa nilinunua kwa mtu binafsi ambaye ameshaondoka. Kama dhamana ni ya wakala, basi mwandike hivyo kwenye katalogi: dhamana ya maisha ya wakala katika njia hii ya lori. Nisingelipa dola 128.

Sasa hilo deni.

Kwetu tuna biashara tunayoiita mali kauli. Unachukua mzigo, unalipa kidogokidogo, na kinachobeba biashara hiyo ni neno la mtu na daftari. Malori yenu yanaendeshwa vilevile. Wakala anakuja mara moja kwa wiki, unachukua kifaa, unalipa kila Alhamisi, riba hakuna. Sina ugomvi na utaratibu huo. Bila huo nisingekuwa na nusu ya vifaa nilivyonavyo. Kwa miaka yote hiyo nililipa dola 25 kila Alhamisi bila kuruka, hata wiki niliyomzika baba yangu nilimwachia mwenzangu pesa anilipie.

Agosti 2024 wakala yule wa zamani aliacha kuja. Hakuna simu, hakuna barua. Miezi mitatu hatukuona lori. Novemba akaja huyu mpya, akasema amechukua njia pamoja na madeni yake, na kwamba mimi nadaiwa dola 412. Daftari langu, ambalo nalibana kwenye kifuniko cha kabati la vifaa, linasema 287. Tofauti ni dola 125, yaani wiki tano za mwisho nilizolipa taslimu mkononi mwa mtu aliyekuwa anajua kwamba anaondoka.

Risiti ninazo zote tano, lakini ni zile za karatasi ya joto, na nilizihifadhi ndani ya kabati linalokaa karibu na hita. Tatu zinasomeka. Mbili zimegeuka weupe mtupu; ukizielekeza kwenye tochi kwa mshazari unaona mikwaruzo tu palipokuwa na tarakimu. Picha za zote tano nimeziambatanisha, pamoja na kurasa za daftari. Wakala mpya hakutaka kuzitazama. Alisema kompyuta inaonyesha 412. Lakini kompyuta inaonyesha alichoingiza mtu, na aliyetakiwa kuingiza ndiye aliyeondoka.

Jambo la tatu ndilo linalonikosesha usingizi, kwa sababu ndilo lenye pesa nyingi.

Novemba 2023 nilinunua kwenu mashine ya kusoma kompyuta ya gari, dola 3,800. Wakala alinijia wakati gari liko juu ya jeki na mafuta ya injini yanachuruzika kwenye beseni. Nilipanda lorini mikono imejaa oili. Nikamuuliza, nalipaje? Akajibu, kama kawaida yako, tutaongeza kidogo tu kila wiki. Akaniletea skrini, akanionyesha mahali pa kuweka kidole. Injini ya lori ilikuwa inanguruma, akiharakia gereji inayofuata. Nikaweka kidole. Alama ya oili ikabaki kwenye kioo, akaifuta kwa mkono wa shati.

Wiki mbili baadaye barua ikaja nyumbani kutoka kitengo chenu cha mikopo. Kumbe lile halikuwa daftari la lori. Ni mkopo wa miezi 36, riba ya asilimia 19.9 kwa mwaka, dola 141 kila mwezi. Jumla yake ni dola 5,076, yaani nalipa dola 1,276 juu ya bei ya mashine. Hadi mwezi huu nimelipa mara 15, jumla dola 2,115, bila kuchelewa hata siku moja. Kama ingekuwa kama kawaida yangu, ningebakiwa na dola 1,685. Taarifa yenu inasema bado nadaiwa dola 2,483. Hapo sijataja kwamba programu ya mashine hiyo inataka kulipiwa upya ili isome magari mapya, jambo ambalo pia sikuambiwa siku ile.

Najua mtasema nilisaini. Ni kweli, kidole ni changu. Lakini mtu anapotaka kununua njia ya lori na kuwa wakala wenu, kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, inawataka mmpe kitabu cha maelezo angalau siku 14 kabla hajasaini wala kulipa, akakisome nyumbani na mkewe, amwonyeshe mwanasheria. Mnajua jinsi ya kumpa mtu muda wa kusoma. Mimi sikupata hata dakika mbili, na skrini wakala hakunishikisha mkononi. Kitabu hichohicho mnatakiwa kuwaorodhesha ndani yake mawakala walioacha kazi mwaka uliopita. Kwa hiyo kuondoka kwa wakala si jambo linalowashtukiza. Mnajua wanaondoka, mnawahesabu, ila mteja aliyeachwa njiani hamkumwandalia chochote.

Nataka pia mjue dakika hizo za kwenye lori zinatugharimu nini, maana nadhani watu wa ofisini wamesahau. Kwenye gereji yetu fundi analipwa kwa saa za kitabu, yaani muda uliokadiriwa kwa kila kazi. Kitabu kikisema stata ni saa moja na nusu, hata ukisota saa tatu na kutu, unalipwa saa moja na nusu. Ile racheti ilipokufa, nilikopa ya jirani, nikamsubiri amalize kazi yake, stata ile ikanila asubuhi nzima. Vifaa tunanunua wenyewe kwa mishahara yetu. Mwenye gereji anatoa jengo na lifti. Na tangu 2018 sisi tulioajiriwa hatuwezi hata kuvitoa kwenye hesabu ya kodi ya mapato ya serikali ya shirikisho. Kila dola ninayolipa juu ya lori lenu ni dola kamili iliyotoka mezani kwa watoto wangu.

Huyo wakala wa zamani simlaani. Alikuwa mtu mwema kwa miaka mingi, alijua majina ya watoto wetu. Alikuwa ananiambia jinsi anavyotakiwa kununua mzigo kwenu kwanza, auze asiuze, na jinsi nusu ya njia yake inavyomlipa kwa kusuasua. Naamini alielemewa. Lakini alipoelemewa, aliyelipia ni mimi, na ninyi mlikuwa mmeshachukua chenu tangu mzigo ulipotoka bohari.

Gerezani spana ikikatika unarudi kaunta ileile. Muuzaji atagoma, mtabishana, watu watajaa, mzee wa duka la jirani ataamua. Lakini mtu yupo. Ninyi mmeweka dhamana bila kaunta.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Racheti yangu itengenezwe au ibadilishwe na kampuni yenyewe, bila kupitia kwa wakala huyu, na bila kufungamanishwa na deni lolote. Dhamana ya kifaa nilichokwisha kukilipia tangu 2020 haina uhusiano na Alhamisi za 2024. Deni la lori lisahihishwe liwe dola 287, na nipewe maandishi. Likisahihishwa nitalilipa lote siku hiyohiyo, pesa nimeshaitenga kwenye bahasha. Mkopo wa mashine uhesabiwe upya bila riba kwa masharti niliyoambiwa, au muichukue mashine mrudishe nilichozidisha. Na ikiwa mtaona hilo la mwisho ni gumu, basi anipigie mtu mwenye mamlaka ya kuamua, jioni baada ya saa kumi na mbili, si saa za kazi, tuongee. Binti yangu atakuwa karibu kutafsiri.

Nawapa siku 30 tangu tarehe ya barua hii. Nisipopata jibu la maandishi, nitapeleka malalamiko haya pamoja na viambatanisho vyote kwa Mwanasheria Mkuu wa Ohio, kitengo cha kulinda walaji. Fomu nimeshaijaza, bado kuituma tu.

Racheti ninayo bado. Sijaifungua wala kuigusa ndani, ili asije mtu akasema niliiharibu mwenyewe. Iko kwenye droo ya juu ya kabati, imefungwa kwenye kitambaa kilekile nilichofungia vidole.

Wenu,
Fundi na mteja wenu tangu 2016

Viambatanisho: picha za racheti, risiti tano, kurasa za daftari, Mei hadi Agosti 2024, taarifa ya mkopo ya Februari 2025, tafsiri ya Kiingereza.