Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: tuzo tunashukuru, sasa tunaomba watu wa kutusomea miswada ya riwaya

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, shikamoo.

Najua ofisi yenu iko hapo Mtumba na mimi niko hapa hapa Dodoma, Makole, ningeweza kupanda daladala nije, ila getini wataniuliza shida yangu ni nini na hii shida ukiielezea getini inaonekana kama utani. Kwa hiyo naandika hapa, wasaidizi wako wataiona.

Mi nina steshenari. Photokopi, kuprinti, passport size, barua za kuomba kazi, na kuchapa. Kwenye kuchapa ndo nimekutana na hili jambo, maana watu wanaleta riwaya Mheshimiwa, wanaleta kweli kweli, zimeandikwa kwa mkono kwenye kaunta buku mpaka kurasa za mwisho kabisa. Mwalimu wa msingi kutoka Bahi, mlinzi wa usiku, binti wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), mzee mstaafu wa reli. Mimi nalipwa kwa ukurasa, hadithi ikiwa ndefu nafaidi mimi, kwa hiyo haya ninayoyasema yananipunguzia hela mwenyewe. Ila ukichapa kazi ya mtu unaisoma neno kwa neno, huwezi kuruka, na unaona wapi imemshinda.

Nitoe mfano mmoja. Kijana wa Chamwino kaleta mswada wake, kaanza na jua. Kurasa tatu nzima jua linachomoza, ndege wanaimba, upepo mwanana unavuma, na hapo ni Chamwino mwezi wa nane, upepo mwanana wa Chamwino mwezi wa nane mi siujui, najua vumbi. Tukaenda hivyo mpaka ukurasa wa ishirini na kitu, hapo ndo mama wa mhusika yuko barabarani anauza zabibu, basi linasimama, abiria anapokea kindoo dirishani, basi linaondoka na kindoo na hela hajalipwa. Na mama hakimbizi basi. Anarudi anakaa, anaanza kuzipanga upya zilizobaki ili meza isionekane ina pengo. Nilisimamisha kuchapa. Nikamwambia yule kijana, mdogo wangu, anzia hapa, hizo kurasa za mwanzo tupa zote. Akaniangalia kama nimemtukana mama yake, akasema, "Sasa kaka, mandhari nitaweka wapi?"

Umeona hilo swali Mheshimiwa? Hilo swali ni la darasani. Tunatoka shuleni tunajua kuorodhesha dhamira, ujumbe, falsafa, muundo, mtindo, matumizi ya lugha, mandhari, kila kimoja na mfano wake kutoka kitabuni, na hiyo ni elimu nzuri tu ya mtu anayekula chakula kilichoiva. Siwalaumu walimu, mtihani ndo unauliza hivyo. Ila anayetaka kuandika anachukua ile orodha anaanza kuijaza kama fomu, mandhari nimeweka, methali nimeweka, ujumbe upo mwishoni, halafu anashangaa hadithi haitembei. Na mazungumzo ndo usiseme. "Toka hapa! alisema baba kwa hasira kubwa huku akiwa amekasirika sana." Yaani baba kashasema toka hapa, imetosha, yaliyobaki futa. Hayo mambo hayahitaji digrii, yanahitaji mtu akae na wewe na kalamu nyekundu. Ukitaka kujenga au kushona kuna vyuo vya ufundi vya VETA, ukitaka kuandika riwaya unaambiwa una kipaji, nenda kaandike.

Sasa nije kwenye tuzo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, zile za kwanza zilitolewa tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa Mwalimu. Milioni 10 kwa mshindi wa kwanza na kazi inachapishwa. Hapo mmetutendea haki, na watu wanaosema ni siasa mimi nawaambia waje wakae dukani kwangu waone kaunta buku zilivyoongezeka. Lakini tuzo inampokea mtu akiwa tayari. Mshindi anapewa hela, na huyu wa Chamwino mwenye kurasa mbili za moto zimezikwa chini ya kurasa ishirini za jua anatoka mikono mitupu na hajui kwanini, mwaka unaofuata anapeleka jua lingine.

Tangu 2021 mwandishi Abdulrazak Gurnah alivyopata Nobel ya Fasihi kila hotuba ya fasihi lazima atajwe. Sawa, ni mtoto wa Zanzibar, tunajivunia. Ila tuseme ukweli, ameandika akiwa Uingereza, kwa Kiingereza, na vitabu vyake vilipita kwa wachapishaji wa kule wenye wahariri ambao kazi yao ni kusoma mswada na kusema hapa sijaelewa, hapa punguza. Hatuwezi kumtaja yeye halafu tukaruka hao wahariri.

Mtasema wachapishaji si wapo. Wapo, ila biashara yao inaishi kwa vitabu vya shule, na mi siwashangai, shule inanunua kwa mkupuo na riwaya inauzwa mojamoja. Kwa hiyo mhariri wa hadithi anakuwa kitu cha anasa. Pengo hilo wanaingia wajanja, anamwambia mwandishi lete hela mimi nakuchapishia, anachapa kama ulivyoleta na makosa yako yote, maboksi yanakuja kukaa chini ya kitanda. Kuna mteja wangu alisaini karatasi inayosema haki zote zimeuzwa, hajui hata kasaini nini, na Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Wengine hawajui kwamba hakimiliki wanayo tangu walipoandika hata kabla ya kusajili popote, wanaogopa kuonyesha mtu yeyote mswada wasije kuibiwa, sasa mswada ambao hajausoma mtu utakomaa vipi?

Na msiniambie wasomaji hawapo. Simulizi zinauzwa kwenye magrupu ya WhatsApp, sehemu kwa sehemu, mtu anatuma mia tano apate sehemu ya kumi na nne, usiku wa manane anauliza admin vipi mbona kimya. Hao waandishi wa magrupu kukata pale panapouma wanajua kuliko maprofesa. Shida inakuja wakitaka kuziunganisha ziwe kitabu, kila sehemu inaanza kwa kukumbusha iliyopita, mhusika kafa sehemu ya tisa kaibuka ya thelathini. Hapo napo anahitajika mhariri.

Ombi langu ni dogo. UDOM wapo wanafunzi wa Kiswahili na fasihi, na wanafunzi wanahangaika kutafuta pa kufanyia field, yale mafunzo ya vitendo, wengine wanaishia kupanga mafaili. Wapeni miswada. Mwanafunzi asome mswada mmoja chini ya mwalimu wake, aandike ukurasa mmoja tu wa maoni: hadithi inaanzia wapi hasa, ni mhusika gani hana kazi, ni wapi msomaji atalala. Mwandishi arudishiwe huo ukurasa. Mwanafunzi anajifunza uhariri, kazi ambayo nchi hii inaihitaji, mwandishi anajua pa kushika. Pale maktaba ya mkoa mtuombee chumba Jumamosi mchana, viti tu, chai tutanunua wenyewe. Na washindi wa tuzo mkiwaleta Dodoma wasije kupiga picha tu, waje na rasimu zao za kwanza, zile mbaya, tuone walifuta nini. Mi hiyo ningelipa kiingilio.

Yule wa Chamwino karudi wiki iliyopita, jua kalifuta, sasa kaanza na mazishi. Nimemwambia asubiri kidogo nisichape, maana nikichapa tena ni hela yake inaenda na mimi sina uhakika kama ushauri wangu unatosha, mimi ni mtu wa photokopi. Miswada mingine ya kuanzia ninayo, wenyewe wameniruhusu. Mkipanga field za mwaka ujao nitawaletea hapo Mtumba mwenyewe, mniandikie tu jina pale getini.

Wako,
Mwenye steshenari, Makole, Dodoma