Barua kwa Mwanangu: Swali Lako Kuhusu Bonhoeffer

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na baba yako naye ameisoma. Unauliza kama mchungaji anaweza kushiriki njama ya kumwua mtawala dhalimu kisha akabaki mtumishi wa Mungu, na unamtaja Dietrich Bonhoeffer, yule mchungaji Mjerumani aliyempinga Hitler, kana kwamba jina lake linamaliza mjadala. Kwangu mimi ndipo mjadala unapoanza, kwa maana wengi hukumbuka tu kwamba alinyongwa katika kambi ya wafungwa ya Wanazi huko Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945, wasiulize alifikaje huko.

Rudi kwanza mwaka 1933, Hitler alipotwaa madaraka. Bonhoeffer, aliyekuwa akifundisha theolojia Berlin akiwa na miaka 27 tu, aliandika kwamba kanisa halitoshelezi wajibu wake kwa kuwafunga vidonda waliosagwa na gurudumu la dola, kwani huenda ukafika wakati wa kulizuia gurudumu lenyewe. Yalikuwa maneno mazito. Hata hivyo, mwezi uleule wa Aprili alifariki baba mkwe wa Sabine, pacha wake, naye alikuwa Myahudi ambaye hakubatizwa. Bonhoeffer aliombwa aongoze mazishi, akataka ushauri kwa mkubwa wake kanisani, akaambiwa asikubali, akakataa. Mwezi Novemba alimwandikia shemeji yake, mume wa Sabine, kumwomba radhi, akijishangaa kwa woga ule. Sijui kwa nini wahubiri wetu hawaisimulii habari hii, maana bila hiyo huwezi kuelewa yaliyofuata.

Agosti ya mwaka huohuo alikuwa Bethel, makao ya shirika lililowaleta wamisionari Usambara, akisaidia kuandika ungamo la imani dhidi ya mafundisho ya Wakristo waliomfuata Hitler. Rasimu ilizungushwa kwa wanatheolojia wengine, nayo iliporudi sehemu iliyowahusu Wayahudi ilikuwa imelegezwa. Akakataa kutia sahihi. Baadaye aliwafundisha wachungaji wa Kanisa la Ungamo, yaani Waprotestanti waliokataa kanisa litawaliwe na Wanazi, huko Finkenwalde, hadi polisi wa siri walipokifunga chuo mwaka 1937. Juni 1939 marafiki walimpatia nafasi New York, mahali salama kabisa, lakini mwezi uliofuata alirudi kwao, akimweleza mwanatheolojia Mmarekani Reinhold Niebuhr kwamba asiposhiriki mateso ya watu wake, hatakuwa na haki ya kushiriki kulijenga upya kanisa lao baada ya vita.

Ndipo shemeji yake mwingine, Hans von Dohnanyi, alipomwingiza katika idara ya ujasusi wa jeshi, ambamo njama dhidi ya Hitler ilikuwa ikisukwa. Katika insha yako usiandike kwamba alitega bomu. Alitumia safari zake kupeleka habari kwa makanisa ya nje, na alipokamatwa tarehe 5 Aprili 1943 ilibaki zaidi ya mwaka mzima kabla ya jaribio la kumwua Hitler kwa bomu tarehe 20 Julai 1944; siku hiyo alikuwa gerezani Tegel.

Sasa nijibu swali lako. Bonhoeffer hakusema kwamba kuua kumekuwa halali kwa sababu mtawala ni mwovu. Katika maandishi yake ya maadili alishikilia kwamba anayetenda kwa ajili ya wengine huweza kulazimika kuibeba hatia, na akiisha kuibeba hana ruhusa ya kujihesabia haki, bali hujikabidhi kwa rehema ya Mungu. Ndiyo maana hunikera kuwasikia watu wakilitaja jina lake ili kubariki hasira zao za kisiasa, ilhali mwenyewe hakudai baraka.

Umegusia pia Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda. Sanamu zao wote wawili ziko juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey, kanisa maarufu la London, tangu 1998, lakini Luwum aliuawa Februari 1977 baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji, pasipo siri wala njama. Basi usiwatie kapu moja.

Baba yako anakusalimu.

Mama yako