Lowassa wa vita vya Kagera mbona hamtuandikii?

Ndugu Mhariri,

Salaam toka Ngarenaro hapa Arusha. Naomba kanafasi kwenye gazeti lenu maana hili jambo linanikaa rohoni toka Mzee Lowassa azikwe kule Ngarash, Monduli, Februari 2024. Kila nikisoma habari zake nakuta kashfa ya umeme ya Richmond na kujiuzulu uwaziri mkuu 2008, nakuta kuhamia Chadema 2015, kurudi CCM 2019, basi imeisha. Kwamba alikuwa askari vita vya Kagera mnaweka mstari mmoja mnapita.

Mimi naona kwenye huo mstari ndo kuna mtu. Kijana wa kimaasai kamaliza chuo kikuu Dar 1977, mwaka unaofuata Nduli Amin anavamia Kagera, watu wanauawa, ng'ombe wanaswagwa kupelekwa Uganda, daraja la Kyaka linalipuliwa, na Mwalimu anatangaza uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Wakaenda wanajeshi, mgambo, polisi, magereza, JKT, msomi na asiyesoma handaki moja, wakatembea kwa miguu Mutukula, Masaka, Lukaya, mizinga ya saba saba inaunguruma, mpaka Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Na hapo jirani Moshi, Machi mwaka huohuo, Waganda waliokuwa uhamishoni walikaa kikao wakaunda UNLF, umoja wao wa kumng'oa Amin, wakamchagua Yusuf Lule kuuongoza, leo ukiwauliza vijana wa Moshi wengi wanakushangaa tu.

Simsafishi mtu, ya Richmond yaandikwe yote. Ila naamini kabisa ule ukali wake wa kutoa maagizo na kutaka kazi iishe, tuliouona kwenye maji ya Ziwa Victoria kwenda Kahama na Shinyanga na kwenye shule za kata, aliutoa jeshini. Unamwelewaje kiongozi wa namna hiyo kama ujana wake umeuruka?

Yeye ameshaondoka hawezi kuulizwa tena. Lakini wenzake bado wapo, Monduli wapo, Usa River wapo, Moshi wapo, wengine ni walinzi wa usiku kwenye maduka tunayonunua sukari na hakuna anayewauliza chochote, na aliyekuwa na miaka 18 wakati ule sasa hivi kavuka 60 zamani. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunaweka mashada kwenye minara tunarudi nyumbani, jamani inatosha kweli?

Tumeni waandishi wakae na hawa wazee, warekodi, mtupe hata nusu ukurasa kila wiki. Baba yangu mdogo alipigana, yuko Monduli, kumbukumbu zake ziko vizuri na amekubali kuongea, mkiwa tayari namleta mwenyewe hapo ofisini kwenu, nauli juu yangu.

Msomaji wenu,
Ngarenaro, Arusha