Mchoraji ana jina, liandikeni

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka mingi nikiwa kimya, ila makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu vitabu vya katuni vya zamani vya Marekani imenishinda. Mwandishi wenu alipomfikia Matt Baker alimmaliza kwa sentensi moja: alichora wanawake warembo, akafa angali kijana. Kisha akatuambia maisha yake hayafuatiliki kwa sababu wachoraji wa enzi zile hawakuwa na desturi ya kutia sahihi.

Yanafuatilika vizuri sana. Baker alizaliwa North Carolina mwaka 1921, akakulia Pittsburgh, akasomea sanaa katika chuo cha Cooper Union jijini New York. Homa ya baridi yabisi ya utotoni ilimwachia moyo dhaifu. Mwaka 1944 alikuwa tayari kwenye karakana ya katuni ya Jerry Iger, ambako huyu alichora kwa penseli, yule akapitisha wino, mwingine akaandika maneno, halafu kazi ikauzwa kwa wachapishaji. Majina yalipotelea hapo, si kwamba wenyewe hawakuyataka.

Na huyu alikuwa mtu mweusi akitafuta riziki kwa kalamu katika Marekani ya ubaguzi! Mwaka 1945 alichora Voodah, shujaa mweusi wa msituni. Baadaye wakubwa wakamgeuza shujaa huyo kuwa mtu mweupe kwenye jalada. Hilo nalo halikumfaa mwandishi wenu? Kisha kuna jalada alilochora la kitabu cha katuni cha Phantom Lady namba 17, la Aprili 1948: mwanamke amefungwa kwa kamba kwenye nguzo, mwili mzima unavutana nazo. Mwaka 1954 daktari Fredric Wertham alilichapa kitabuni mwake kama ushahidi kwamba katuni zinaharibu watoto, na mwaka huohuo wachapishaji wakajiwekea kanuni za kujichuja. Huyohuyo Baker ndiye aliyechora It Rhymes with Lust mwaka 1950, hadithi ya picha ya watu wazima, kurasa 128, miongo kadhaa kabla dunia haijazizoea kazi za namna hiyo. Moyo ulimshinda Agosti 1959, akiwa na miaka 37. Heshima ya Will Eisner Hall of Fame, orodha ya magwiji wa katuni, aliipata 2009, nusu karne baada ya kuzikwa. Haya yote ninyi mkayaita wanawake warembo.

Nina uchungu na jambo hili kwa sababu limenipata. Niliwahi kuchora picha zote za kitabu kimoja cha hadithi za watoto. Kilipotoka, jina la mwandishi lilikuwa jaladani, la mchapishaji mgongoni, hata la mpiga chapa lilikuwemo ndani. Langu halikuwepo popote. Nilipouliza nikajibiwa kwamba nilishalipwa. Binti yangu alipokwenda nacho shuleni akasema picha hizi kachora baba, mwalimu alimwambia aache uongo mbele ya wenzake. Alirudi nyumbani analia, na mimi sikuwa na ukurasa wa kumwonyesha.

Gazeti lako halina tofauti. Kila siku mnaweka picha za watu na chini yake mnaandika "Picha: Maktaba" au "kwa hisani ya mtandao". Maktaba haishiki kamera, na mtandao haukusimama juani kumsubiri waziri ateremke kwenye gari. Yupo aliyepiga picha ile, naye ana jina.

Basi kuanzia toleo lijalo, chini ya kila mchoro, kona ya kulia, liandikwe jina la mchoraji kwa herufi za ukubwa uleule wa jina la mwandishi, na kama aliyepitisha wino ni mtu mwingine, lake lifuate. Makala ya Baker irudiwe, ukurasa mzima, jalada la Aprili 1948 likiwa juu. Mkikosa nafasi, ondoeni utabiri wa nyota wa Jumapili moja.

Msomaji wenu, mchoraji mstaafu