Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Joka, Simba na Gwaride la Pasaka, Bendigo

Ndugu wanachama,

Sherehe za Pasaka za Bendigo, Australia, zilianza 1871 kuchangia hospitali na wasiojiweza, na Wachina waliofuata dhahabu wakazipa sura tunayoiendeleza: michezo ya joka na simba, maumbo ya kitambaa yanayobebwa na kuchezwa na watu. Joka kuu la mji, Dai Gum Loong, lililochukua nafasi ya Sun Loong mwaka 2019, lina takriban mita 125. Letu lina mita 18 na hubebwa kwa miti tisa, wachezaji kumi pamoja na mbeba lulu, yaani anayetangulia na mpira ambao joka huufukuza. Joka fupi lina faida yake: linajiviringisha na kuruka mwili wake lenyewe papo hapo barabarani. Lakini mmoja akikosea, kila mtazamaji anaona.

Kazi kubwa ya mwaka ujao ni mkia. Kichwa kikichomoka kwa kasi baada ya kona, kitambaa hukazika mtu hadi mtu, na wa tisa hujikuta anakimbia. Kikishakazika, mawimbi hufa na mishono hufumuka kwenye pete za ndani ya joka. Dawa ni nafasi ya mita mbili kasoro kidogo, ili kitambaa kilegee, na kichwa kupunguza mwendo hadi mkia umalize kona. Kila mmoja autazame mti ulio mbele yake, aupitie mkondo ule ule, kwa kuchelewa kidogo. Wote wakiinua kwa pamoja, joka linageuka kamba. Mtu wa tisa awe mwenye pumzi kuliko wote. Kumpa mgeni nafasi hiyo kwa sababu iko nyuma ni kumwonea.

Kwa simba, anayechezwa na watu wawili ndani yake, anayechoka kwanza ni wa nyuma, kwa kuwa huinama muda wote akiwa ameshika mkanda wa mwenzake. Jozi ya akiba itembee nyuma ya simba, na wabadilishane anapolala chini, ngoma ikiwa imetulia.

Mpiga ngoma humfuata simba. Upatu na matuazi humfuata mpiga ngoma. Mkokoteni wa ngoma usiachwe nyuma zaidi ya mita kumi. Katika mita 34 mdundo huchelewa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, na miguu huanza kubishana na sikio.

Vichwa vya simba ni fremu nyepesi iliyovikwa karatasi na kitambaa kwa gundi. Unyevu huvilegeza, kwa hiyo vikaushwe kivulini kabla ya kufunikwa, na vibebwe kwa fremu, kamwe si kwa manyoya wala taya. Fataki ziishe kuwaka kabla simba hajasogea, maana manyoya hushika moto upesi. Kamba za kope na mdomo hukatika mara kwa mara. Kila jozi ibebe za akiba.

Kamati inapendekeza fedha zitangulie kwenye magurudumu ya mkokoteni na kitambaa cha mkia, kabla ya kununua simba mpya. Mazoezi ya kona na ya kubadilishana yaanze mara baada ya mkutano huu. Wanaotaka mti wa tisa wajiandikishe kwa katibu.